RELI YA USWISI: JINSI WANANCHI WALIVYOIFANYA KUWA MALI YAO

Sisi mabwana shamba huulizwa swali moja kila tunapokwenda vijijini. Wakulima husema: "Tumelima, tumepalilia, tumevuna. Sasa mazao haya tutayafikishaje sokoni?" Swali hilo ni la haki. Mazao yasiyo na njia huozea ghalani. Au mkulima huyauza kwa bei ya kutupa kwa mwenye gari wa kwanza atakayepita.

Watu wa nchi nyingine nao walijiuliza swali hilo. Leo tusome habari za nchi ya Uswisi, huko Ulaya, na jinsi ilivyojenga reli zake. Usizisome kama hadithi ya matajiri. Reli ilipoanza huko, Waswisi wengi walikuwa wakulima wadogo. Wengine waliitamani reli, wengine waliiogopa. Iliwatajirisha baadhi yao, ikawafilisi wengine. Watu wengi walikufa wakiijenga. Mwishowe wananchi walipiga kura, wakaifanya reli kuwa mali yao.

NCHI YENYEWE

Uswisi iko katikati ya Ulaya. Imepakana na Ufaransa, Ujerumani, Austria, Italia na nchi ndogo ya Liechtenstein. Haina bahari. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 41,000. Mkoa wa Morogoro ni mkubwa kuliko nchi hiyo nzima. Watu wake leo ni milioni 9 hivi.

Zaidi ya nusu ya nchi hiyo ni milima mirefu iitwayo Alps. Wakati wa baridi theluji hufunika milima hiyo na kuziba njia. Chini ya ardhi hakuna mafuta, wala makaa ya mawe ya kutosha. Mtu angeweza kusema kwamba nchi kama hiyo haifai kwa reli. Lakini leo ina zaidi ya kilomita 5,000 za reli, na watu wake husafiri kwa treni kuliko watu wa nchi nyingine yoyote ya Ulaya.

KABLA YA RELI

Zamani mizigo ilivushwa milimani kwa wanyama. Njia moja kubwa ilipita katika mlima wa Gotthard, kutoka kaskazini kwenda Italia. Wanakijiji wa huko waliishi kwa kazi ya uchukuzi. Walikuwa na vyama vyao, na kila chama kilichukua mizigo katika sehemu yake ya njia. Mwaka 1830 barabara ya magari ya farasi ilikamilika katika mlima huo. Hata hivyo, theluji ilipoanguka, watu waliacha magari na kutumia vitu vya kukokota juu ya theluji.

Kulikuwa na kikwazo kingine kilichotengenezwa na watu wenyewe. Uswisi ilikuwa muungano wa majimbo madogo. Kila jimbo lilikuwa na fedha yake, vipimo vyake na ushuru wake. Mfanyabiashara aliyesafirisha mzigo alilipa ushuru hapa, akalipa tena pale, akalipa tena mbele. Nani angetia fedha katika reli inayopita katika vizuizi vingi namna hiyo?

Kwa hiyo Uswisi ilichelewa. Mwaka 1844 reli kutoka Ufaransa iliingia katika mji wa Basel, ulio mpakani. Reli ya kwanza ya Waswisi wenyewe ilifunguliwa tarehe 9 Agosti, 1847. Ilitoka mji wa Zurich kwenda mji wa Baden, safari ya kilomita 23 hivi. Wakati huo Uingereza ilikuwa tayari na maelfu ya kilomita za reli.

Watu waliipa reli hiyo jina la utani. Mji wa Baden ulisifika kwa mikate midogo mitamu, iliyoitwa mikate ya Kihispania. Matajiri wa Zurich waliipenda sana. Reli ilipofunguliwa, mikate iliwafikia ingali na joto. Basi watu wakaiita reli ya mikate ya Kihispania. Hata leo Waswisi huikumbuka kwa jina hilo.

Mwezi Novemba mwaka huohuo wa 1847 majimbo yalipigana yenyewe kwa yenyewe. Vita hivyo vilikwisha upesi. Mwaka 1848 walitunga katiba moja, wakaunda serikali moja ya muungano. Ushuru wa kati ya jimbo na jimbo ukafutwa. Mwaka 1850 wakapata sheria ya fedha moja, yaani faranga. Sasa njia ya kujenga reli za nchi nzima ilikuwa wazi.

NANI AJENGE?

Swali likawa hili: reli ijengwe na nani? Serikali au matajiri?

Mwaka 1850 serikali iliwaita mafundi wawili wa Uingereza, Robert Stephenson na Henry Swinburne. Walichora mpango wa reli za nchi nzima. Watu kadhaa walitaka serikali ijenge. Lakini mwaka 1852 Bunge lilikataa. Lilisema kazi hiyo iachiwe makampuni ya watu binafsi, na majimbo ndiyo yatoe ruhusa ya kujenga.

Mtu mmoja aliyependa mpango huo ni Alfred Escher wa Zurich. Alikuwa mbunge, na pia alikuwa mkubwa wa kampuni ya reli. Mwaka 1856 alianzisha benki ili fedha za reli zipatikane nchini. Alisaidia pia kuanzisha chuo kikubwa cha ufundi huko Zurich, kilichofunguliwa mwaka 1855, ili nchi ipate wahandisi wake yenyewe.

Makampuni yalifanya kazi kwa haraka. Kufikia mwaka 1860 zilikuwapo kilomita kama 1,000 za reli. Hiyo ilikuwa faida ya mpango ule, na ni lazima tuiseme.

Lakini hasara nayo ilionekana. Kila kampuni ilitazama faida yake. Mahali palipokuwa na biashara kubwa, makampuni mawili yaligombania njia. Mahali maskini, watu walingoja. Kila kampuni ilipanga nauli yake. Watu wakaanza kunung'unika kwamba nchi inatawaliwa na wakubwa wa reli.

RELI ILIYOWAFILISI WENYEWE

Katika miaka ya 1870 miji kadhaa ilichoka na makampuni hayo makubwa. Ikiongozwa na mji wa Winterthur, ilisema: "Tutajenga reli yetu wenyewe, reli ya wananchi." Reli hiyo iliitwa Reli ya Taifa, ingawa haikuwa ya serikali.

Nia ilikuwa njema. Mpango haukuwa mzuri. Reli hiyo iliukwepa mji mkubwa wa Zurich, ikapita mahali penye abiria wachache na mizigo michache. Biashara wakati huo ilikuwa mbaya katika nchi nyingi. Mwaka 1878 reli hiyo ilifilisika. Kampuni kubwa iliyokuwa ikishindana nayo iliinunua kwa bei ndogo.

Ile miji ilikuwa imejidhamini kwa deni. Reli ikaondoka mikononi mwao, deni likabaki. Wananchi wa miji hiyo waliendelea kulilipa kwa miaka mingi sana. Watoto walilipa deni la baba zao.

Tukumbuke jambo hili, ndugu msomaji. Kusema "hiki ni chetu" hakutoshi. Ni lazima pia kuhesabu: mzigo utatoka wapi, abiria watatoka wapi, na gharama italipwa na nani.

HANDAKI LA GOTTHARD

Sasa tuje kwenye kazi ngumu kuliko zote. Reli ilitakiwa kuvuka milima ya Alps hadi Italia. Juu ya mlima wa Gotthard treni haikuweza kupanda. Ilibidi kuchimba handaki. Handaki ni njia inayopita ndani ya mlima, ukaingilia upande huu na kutokea upande wa pili.

Handaki hilo lilikuwa na urefu wa kilomita 15. Gharama ilikuwa kubwa kwa nchi moja. Italia na Ujerumani zilikubali kuchangia pamoja na Uswisi, kwa kuwa nazo zingefaidika.

Kazi ilianza mwaka 1872. Mkandarasi alikuwa Louis Favre wa Geneva. Aliahidi kuimaliza kwa miaka 8. Wachimbaji wengi walikuwa vijana maskini kutoka Italia. Walitoboa mwamba kwa mashine zilizoendeshwa na hewa iliyoshindiliwa. Kisha walitia baruti kali katika matundu, wakalipua, wakazoa mawe. Wengine walianza upande wa kaskazini, katika kijiji cha Göschenen. Wengine walianza upande wa kusini, katika kijiji cha Airolo. Walitarajia kukutana katikati.

Hali yao ilikuwa mbaya. Ndani mlikuwa na joto, maji na moshi wa baruti. Vyumba vya kulala vilikuwa vichache. Mtu alipoamka kwenda kazini, mwenzake aliyetoka kazini alilala katika kitanda hichohicho. Mwaka 1875 wachimbaji wa Göschenen waligoma. Walinzi waliletwa, wakafyatua risasi. Wafanyakazi 4 walikufa.

Kulikuwa na adui mwingine ambaye hakuonekana. Wachimbaji wengi walipauka, wakaishiwa nguvu, wakashindwa hata kutembea. Mwaka 1880 mtaalamu Edoardo Perroncito wa mji wa Turin, Italia, alichunguza ugonjwa huo. Aligundua kwamba ulisababishwa na minyoo waliokaa tumboni na kunyonya damu.

Ugonjwa huo sisi tunaujua. Ni safura. Ndani ya handaki hamkuwa na vyoo. Watu walijisaidia popote. Ardhi ilikuwa na joto na unyevu, kwa hiyo mayai ya minyoo yaliangua vizuri. Wachimbaji walikanyaga matope hayo, na minyoo wachanga wakaingia miilini mwao kupitia ngozi. Mashine za kisasa zilikuwapo, mainjinia walikuwapo, choo hakikuwapo. Unaposikia mganga wa zahanati akihimiza kuchimba choo na kuvaa viatu, ukumbuke watu wa Gotthard.

Favre mwenyewe hakuona mwisho wa kazi yake. Alifariki ndani ya handaki mwezi Julai, 1879. Mwishoni mwa Februari, 1880, pande mbili zilikutana. Vipimo vya wahandisi vilikosea sentimeta 33 tu kwa upana na sentimeta 5 kwa kimo. Fikiri, kilomita 15 gizani, na kosa ni kama urefu wa mguu wa mtu mzima!

Reli ilifunguliwa mwaka 1882. Karibu watu 200 walikuwa wamekufa katika kuchimba handaki hilo. Hesabu hiyo haijumlishi wote waliokufa baadaye kwa maradhi waliyoyapata humo.

RELI ILIPOFIKA SHAMBANI

Je, mkulima wa Uswisi alipata nini?

Kwanza alipata hasara. Kabla ya reli, wakulima wengi wa mabondeni walilima ngano na nafaka nyingine. Ngano ya mbali haikuweza kuwashinda, kwa sababu usafiri ulikuwa ghali. Reli na meli zilibadili mambo. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya bei nafuu iliingia kwa wingi kutoka Hungaria, Urusi na Marekani. Mtu wa mjini alifurahi, kwa kuwa mkate ulishuka bei. Mkulima alilia. Wengi waliingia katika madeni, wakauza mashamba yao, wakahamia Marekani.

Hata wale wachukuzi wa mlimani walipoteza kazi. Mzigo uliokuwa ukivushwa na watu na wanyama wao sasa ulipita chini ya miguu yao, ndani ya mwamba.

Reli haichagui. Njia inayotoa mazao yako ndiyo hiyohiyo inayoleta mazao ya mwingine.

Waliobaki mashambani walitafakari. Nchi yao ina mvua ya kutosha na majani mazuri. Basi wengi waliacha ngano, wakageukia ng'ombe wa maziwa. Maziwa yalitengenezwa jibini na siagi. Tangu mwaka 1866 kilikuwapo pia kiwanda cha maziwa ya kopo katika mji wa Cham. Jibini na maziwa ya kopo havioozi upesi, na bei yake ni kubwa kwa uzito mdogo. Vitu vya namna hiyo vinafaa sana kwa safari ndefu ya reli. Wakulima waliunda vyama vya ushirika vya jibini na vya kununua pembejeo. Reli iliyowaletea ushindani sasa ikawapelekea bidhaa zao nchi za nje.

KURA YA MWAKA 1898

Lakini reli bado ilikuwa ya makampuni. Hisa nyingi zilinunuliwa na watu wa nchi za nje, na wengine walizichezea kama kamari. Wakubwa waliokaa mbali waliamua nauli ya mzigo wa jibini uliotoka kijijini.

Tarehe 14 Juni, 1891, lilitokea jambo la kusikitisha. Daraja la chuma la Münchenstein, karibu na Basel, lilivunjika treni ikiwa juu yake. Zaidi ya watu 70 walikufa. Haijatokea ajali mbaya zaidi ya reli katika nchi hiyo. Baada ya hapo serikali iliweka kanuni kali za kukagua madaraja.

Mwaka huohuo serikali iliomba idhini ya kununua kampuni moja kubwa ya reli. Wananchi walipiga kura, wakakataa. Hawakuridhika na mpango huo. Serikali haikuwalazimisha. Ilirudi kutengeneza sheria iliyo bora zaidi. Wakati huo wafanyakazi wa reli nao waliungana, na mwezi Machi, 1897, waligoma katika kampuni moja kubwa mpaka treni zikasimama.

Tarehe 20 Februari, 1898, wananchi waliulizwa tena. Waliotaka mabadiliko walikuwa na wito mmoja: reli za Uswisi ziwe za watu wa Uswisi. Zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura walikubali. Hapo tuseme ukweli pia kwamba waliopiga kura ni wanaume tu. Wanawake wa Uswisi walipata haki ya kupiga kura za nchi nzima mwaka 1971.

Serikali haikunyang'anya. Ilinunua makampuni makubwa kwa fedha, moja baada ya jingine. Shirika la reli la taifa lilianza kazi mwaka 1902. Reli ya Gotthard ilichukuliwa mwaka 1909. Reli nyingine ndogo zilibaki mikononi mwa majimbo na makampuni. Mpaka leo ziko hivyo, lakini zinafanya kazi kwa kupatana na shirika la taifa.

MAKAA YALIPOKOSEKANA

Kumiliki reli ni jambo moja. Kuiendesha ni jambo jingine. Magari ya moshi yalitumia makaa ya mawe, na makaa yalitoka nje, hasa Ujerumani. Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Makaa yakawa adimu na ghali sana. Safari za treni zikapunguzwa. Wananchi walikuwa na reli yao, lakini ufunguo wake ulikuwa kwa jirani.

Vilevile chakula. Nchi ilikuwa imezoea ngano ya nje. Vita vilipozuia ngano hiyo, mkate uligawiwa kwa kadi kuanzia mwaka 1917.

Waswisi walijiuliza: "Sisi tuna nini?" Walikuwa na maji yanayoshuka kutoka milimani. Maji hayo huingizwa katika mabomba makubwa, yakateremka kwa nguvu, yakazungusha mashine, na mashine zikazalisha umeme. Walijenga vituo vya umeme huko Ritom na Amsteg. Mwaka 1920 treni za umeme zilianza kupita katika handaki la Gotthard. Kwa mizigo mizito walitengeneza injini ndefu yenye pua mbele na nyuma. Watu waliiita Mamba.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, karibu robo tatu ya reli za taifa zilikuwa zikitumia umeme. Makaa na mafuta yakawa shida tena, lakini safari hii treni ziliendelea kwenda.

Katika chakula pia walikuwa wamejifunza. Mwaka 1940 mtaalamu wa kilimo, Friedrich Traugott Wahlen, alitangaza mpango wa kulima kila mahali panapolimika. Hata viwanja vya michezo na bustani za mijini vililimwa. Eneo la mashamba liliongezeka karibu mara mbili. Viazi havikugawiwa kwa kadi wakati wote wa vita hivyo. Mimi kama bwana shamba sifichi furaha yangu kueleza habari hiyo. Lima zao la biashara, ndiyo. Lakini usiliache shamba la chakula.

TRENI KILA SAA

Baada ya vita watu walianza kununua motokaa. Abiria wa treni walipungua. Njia nyingine ndogo zilifungwa, na mabasi yakachukua nafasi yake. Katika nchi nyingi reli ilianza kufa.

Uswisi ilifanya jambo rahisi kulieleza, gumu kulitenda. Kuanzia Mei, 1982, treni za njia kubwa ziliondoka kila saa, kwa dakika ileile, kutwa nzima. Kama treni yako hutoka dakika ya 10, basi hutoka dakika ya 10 kila saa. Mtu hana haja ya kukariri ratiba ndefu.

Mwaka 1987 wananchi walipiga kura kukubali mpango mkubwa zaidi, uliokamilika kwa sehemu kubwa mwaka 2004. Treni kutoka pande mbalimbali huingia katika stesheni kubwa karibu wakati mmoja. Abiria hubadili treni kwa dakika chache, kisha zote huondoka. Katika stesheni ndogo, basi la posta la rangi ya manjano hungoja kuwapeleka watu mpaka vijijini. Hivyo kijiji kisicho na reli nacho kimeunganishwa na reli.

Usidhani mambo hayo hayana gharama. Nauli peke yake haitoshi. Serikali na majimbo huongeza fedha za kodi. Mwaka 2014 wananchi walipiga kura kukubali mfuko maalumu wa kujenga na kutunza reli. Wanajua wanacholipia, kwa kuwa waliulizwa.

HANDAKI JIPYA

Malori nayo yaliongezeka, yakijaza moshi na kelele katika mabonde ya Alps. Mwaka 1992 wananchi walikubali kuchimba mahandaki mapya ya chini kabisa, ili treni zisipande mlima. Mwaka 1994 walipiga kura kwamba mizigo inayopita nchini mwao kwenda nchi nyingine ibebwe na reli.

Handaki jipya la Gotthard lilifunguliwa tarehe 1 Juni, 2016. Lina urefu wa kilomita 57. Hakuna handaki la reli refu kuliko hilo duniani. Wafanyakazi 9 walikufa katika kazi hiyo. Hata mmoja ni wengi. Lakini linganisha na wale karibu 200 wa zamani, katika handaki fupi zaidi. Thamani ya uhai wa mfanyakazi ilikuwa imepanda.

Tarehe 10 Agosti, 2023, treni ya mizigo iliacha reli humo ndani. Hakuna aliyekufa. Hata hivyo, uharibifu ulikuwa mkubwa, na handaki halikufunguliwa lote tena mpaka Septemba, 2024. Mali ya umma hujengwa mara moja, lakini hutunzwa kila siku.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ndugu msomaji, tangu ile reli ya mikate ya mwaka 1847 mpaka kura ya 1898 ni miaka 51. Tangu kura hiyo mpaka handaki la kilomita 57 ni miaka 118. Walioanza hawakuumaliza mwendo. Katika miaka yote hiyo tumeona mambo haya:

1. Walianza kwa kuondoa vikwazo walivyojiwekea wenyewe.
2. Reli huleta na huchukua. Mkulima asiyejiandaa huumia.
3. Nia njema bila hesabu huacha deni.
4. Mwenye reli asiye na nguvu ya kuiendesha anamtegemea mwingine.
5. Wananchi walioulizwa hukubali kulipa, na hudai kazi nzuri.

Baada ya kusoma, kaa na wenzako mjadili maswali haya. Kikwazo gani cha njia tumekiweka wenyewe kijijini kwetu? Njia ikifunguliwa, tutapeleka nini sokoni, na tutaletewa nini? Chakula chetu kitatoka wapi njia hiyo ikikatika? Nani ataitunza?

Kama jirani yako bado hajui kusoma, msomee habari hizi. Kisha umsikilize naye, maana huenda jibu analo yeye.